Hatua Ishirini za Mzee Lemburis

Siku mliyoniaga kwa keki na saa ya ukutani, Neema alinipa pia daftari jipya, akasema niandike ninayoyajua kuhusu kunyunyizia dawa kwa ndege. Alisema nikikaa nyumbani Moshono miezi sita nitakuwa nimesahau nusu, na ile nusu nyingine nitakuwa nimeitia chumvi. Ana haki ya kusema hivyo, ananijua. Saa imeshasimama, daftari lipo, na leo mvua imenizuia kwenda kwenye migomba. Basi ngoja niandike.

Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye faili langu pale ofisini. Anayeyataka akasome, hayatoshi hata kumalizia kikombe cha chai. Mimi nitawaandikia habari za kutembea.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha ufundi magari mkononi na viatu vya kaka yangu miguuni. Kampuni ilikuwa na ndege moja ya manjano yenye kiti kimoja, tangi la dawa mbele ya rubani, na mabomba marefu yenye vinyunyizio chini ya mabawa. Banda lake lilikuwa pembeni mwa kiwanja kidogo upande wa Kisongo, mahali ambapo kiangazi vumbi linaingia mpaka ndani ya chapati. Nilitegemea kupewa spana. Nikapewa bendera.

Ilikuwa mfuko wa sukari uliofuliwa hadi maandishi yakafutika, ukashonewa kwenye fito. Aliyenikabidhi ni Mzee Lemburis, Mwarusha wa Olasiti. Wakati ule hakuwa mzee kitu, alikuwa na miaka kama arobaini na mitano, mrefu, mwenye katambuga za tairi na koti la mvua ambalo halikuwahi kuzuia mvua. Hakuniuliza jina. Aliniangalia miguu, kisha akasema, "Ero, kijana, tembea nikuone." Nikatembea. Akaniambia natembea kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka.

Ninyi mliozaliwa na ramani kwenye simu mtashangaa, lakini kazi yenyewe ilikuwa hivi. Rubani akipita chini chini juu ya shamba la shayiri hawezi kuona alipokwishapita, kwa sababu dawa haiachi alama. Kwa hiyo watu wawili wanasimama shambani, mmoja kila mwisho, wameinua bendera. Rubani ananyoosha pua ya ndege kwenye hizo bendera mbili, anapita, anageuka. Kabla hajarudi, kila mshika bendera anahesabu hatua ishirini kuelekea upepo unakotoka na kusimama tena. Mnaanza saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali kwenye majani, mnaacha saa nne upepo unapoamka. Shamba kubwa la upande wa Monduli tulilimaliza kwa mapito sitini, na nilikuwa nikiyahesabu kwa kokoto, nahamisha moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.

Ugumu uko kwenye zile hatua ishirini. Mmoja akiwa na hatua ndefu na mwenzake fupi, mistari inaanza kuachana. Upande mmoja dawa inalaliana, upande wa pili unabaki utepe ambao haukuguswa. Siku hiyo huoni kitu. Wiki mbili baadaye magugu yanainuka kwa umbo la kipande cha keki, na kila anayepita barabarani anajua kuna mtu hakujua kuhesabu.

Ndiyo maana Mzee Lemburis alinifundisha wiki nzima bila ndege. Alitangulia yeye kwenye vumbi la pembeni mwa kiwanja, akiacha alama za zile katambuga za tairi, na mimi nikakanyaga humo humo, alama kwa alama, huku akihesabu kwa Kimaa bila kugeuka nyuma. Nikikosea alijua kwa sauti. Nilimwambia miguu yangu mifupi, ngoja nitafute idadi yangu mwenyewe, pengine ishirini na moja na nusu. Akakataa kabisa.

"Shambani hakuna mwendo wako na mwendo wangu," alisema. "Kuna mwendo wetu. Ukiniacha, magugu yanatusema wote wawili."

Nilijifunza. Mwezi wa pili nilikuwa natembea hatua za Lemburis hata nikienda kanisani, na mke wangu akawa anauliza ni nani ninayemkimbiza.

Kinga tuliyopewa ilikuwa maziwa. Nusu lita kila mtu baada ya kazi, kwa sababu mashamba yote na makampuni yote yaliamini maziwa huosha sumu tumboni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera ya usalama, na iliheshimiwa kuliko sera nyingi nilizoziona baadaye. Mzee Lemburis aliyadharau maziwa ya pakiti, akisema ng'ombe aliyeyatoa hajulikani hata kabila. Alibeba ya kwake kwenye kibuyu, yakanukia moshi, na alinigawia. Nilikunywa ya pakiti na ya kibuyu, nikajiona nimekingwa mara mbili. Dawa yenyewe tulikuwa tunaionja upepo ukigeuka ghafla, ladha kama umeweka sarafu chini ya ulimi. Unafunga macho, unashusha bendera, unafuta uso kwa mkono ule ule ulioshika bendera, unahesabu hatua ishirini.

Rubani, ambaye ndiye pia mwenye kampuni, alikuwa Kapteni Jaswant, Singasinga mzaliwa wa hapa hapa mjini. Ndugu zake wote walikuwa wauza mbao, yeye akaharibikiwa na kupenda ndege. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kila akimaliza shamba alitikisa mabawa juu yetu kutushukuru, na Mzee Lemburis alimjibu kwa kuinua bendera mara mbili. Niliwapenda wote wawili, na nataka hilo mlijue kabla hamjafika mbele.

Mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza darasa la kwanza, Kapteni alirudi kutoka kwenye maonyesho ya ndege ng'ambo na sanduku la bati. Alilifungua juu ya meza ya banda, sote tukazunguka. Ndani kulikuwa na chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti na ubao mwembamba wa taa. Ubao unafungwa mbele ya kioo cha rubani. Ndege ikienda kando ya mstari, taa zinakimbilia kushoto au kulia mpaka airudishe. Alituonyesha kwa kuitembeza ile antena kuzunguka banda, taa zikacheza. Mzee Lemburis aliuliza swali moja tu, kwamba bendera je. Kapteni akasema bendera zitakaa nyumbani.

Hazikukaa nyumbani. Sanduku lilipandishwa kwenye rafu ya stoo, kati ya tairi la nyuma na debe la grisi, likakaa hapo misimu sita.

Sababu zake nilizielewa polepole, na ndizo nataka mzishike, maana shuleni hawawafundishi. Mawimbi ya setilaiti ya siku zile yalikuwa yanakosea mita nyingi. Ili yanyooke ulihitaji mawimbi mengine ya kusahihisha, yanayolipiwa kila mwaka kwa dola. Halafu kile chombo kilihesabiwa kuwa redio ya mawasiliano, kikataka leseni. Ofisi moja ikasema ni suala la ofisi nyingine, Kapteni akapigwa danadana mpaka akachoka. Vipuri vya ndege vilikuwa na nafuu ya kodi, lakini hiki hakikuwemo kwenye kitabu cha ndege yetu, kwa hiyo forodhani kilikuwa ndugu wa televisheni. Na juu ya yote hayo kulikuwa na jambo moja ambalo Kapteni aliniambia mwenyewe, tukiwa tunaosha tangi.

"Anaeli, ningekuwa naruka Ulaya ningeshakifunga, kwa sababu kule mshika bendera ni ghali. Hapa ninyi ni rahisi. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo lilivyo."

Niliendelea kusugua. Sikumchukia. Wengine walikuwa na mawazo hayo hayo bila kuona aibu.

Nikiri na la upande wetu. Sisi wenyewe tulifurahi sanduku lilivyolala. Mzee Lemburis alikuwa na watoto saba, na ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wanne. Kila tulipoingia stoo alilitazama lile sanduku kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Alisema, "Siku hicho kitu kikiamka, mimi nalala." Nilikuwa nalifuta vumbi, nalirudisha, na sikuwahi kumuuliza Kapteni leseni imefikia wapi.

Msimu wa nne wa sanduku, kokoto zangu zilianza kuzidi. Lile shamba la mapito sitini lilitaka sitini na tatu. Msimu uliofuata sitini na sita. Dawa ikawa inakwisha kabla ya shamba. Kapteni alidhani vinyunyizio vimelika, tukavifungua vyote, tukapima kila kimoja kwa jagi na saa, vilikuwa salama. Akabadilisha pampu. Shamba lenyewe halikuwa na kosa, mistari imenyooka, magugu yamekufa, ila majani ya shayiri yaliungua kidogo kwenye ncha.

Nililigundua asubuhi moja baada ya mvua. Mzee Lemburis alikuwa ametangulia kwenda upande wake, na alama za katambuga zake zilikuwa mbele yangu kwenye tope, wazi kabisa. Kwa mazoea nikakanyaga alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu yangu iliingia bila shida. Hapo ndipo nilipostuka, maana siku za mwanzo nilikuwa najinyoosha mpaka paja linauma ili nizifikie. Nikachukua futi ya banda. Hatua ishirini zilikuwa zimepungukiwa na karibu hatua mbili.

Hatua zake zilikuwa zimefupika, na zangu zilikuwa zimefupika pamoja nazo, bila mimi kujua. Zaidi ya miaka kumi na minne natembea kando ya mtu yule, kutoka kwenye gari hadi shambani, kutoka shambani hadi kwenye maziwa. Miguu ilimfuata bila kuniuliza. Ndiyo maana mistari haikuachana, tulikuwa tumepungua sawasawa.

Jioni ile nilimuuliza kuhusu miguu, kwa kuzunguka zunguka, kama unavyomuuliza mkubwa wako. Alisema nyayo zinakufa ganzi, kwamba miguu inalala kabla yake. Nikaona pia kwamba anashika fito kwa mikono miwili ili bendera isitetemeke. Alinitazama na kuniomba nisimwambie Kapteni mpaka binti yake wa mwisho amalize kidato cha nne. Ilikuwa imebaki misimu miwili.

Ningerudisha hatua zangu ndefu, magugu yangetusema baada ya wiki mbili na yeye angeondolewa. Nikapiga moyo konde, nikachagua kutembea hatua fupi. Safari hii kwa makusudi. Nilijizoeza pembeni mwa kiwanja, peke yangu, nikipima kwa futi, ili nisimzidi hata kidole. Misimu miwili nilitembea hatua za mtu mgonjwa na nilijiona mtu mwema. Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni dogo na liko wazi kwa mtoto: mapito sitini na sita maana yake ni mara sita zaidi ndege inapita juu ya kichwa chake, kila shamba, kila msimu, ikimmwagia kile kile kilichokuwa kinamla miguu.

Kilichokuja kutuokoa kilikuwa maharage. Baadhi ya mashamba yalikuwa yameacha shayiri na kulima maharage ya kuuza nje, na wanunuzi wa ng'ambo wakatuma watu wenye orodha ya maswali. Swali mojawapo liliuliza kama kuna mtu anayesimama shambani wakati wa kunyunyizia. Jibu likiwa ndiyo, hawanunui. Basi. Wenye mashamba walikwenda wenyewe kule ofisini, wakiwa wamevaa suti, na leseni iliyokuwa imekaa miaka sita ikapatikana kabla ya mwezi kwisha. Wakati huo mawimbi ya setilaiti nayo yalikuwa yamenyooka, hayahitaji tena yale ya kulipia. Sanduku likashushwa. Miili yetu miwili haikuweza kulisogeza, maharage yakalisogeza. Sisemi kwa uchungu, nawaeleza tu mlango ulipo, mkitaka kubisha hodi.

Siku ya kwanza ya taa, mimi na Mzee Lemburis tulisimama barabarani, nje ya shamba, mikono mitupu. Hatukujua pa kuiweka. Ndege ilipita na kurudi bila kututafuta, na nilipomwangalia mwenzangu niliona midomo yake inahesabu.

Kapteni alitua, akaniita pembeni. Alikuwa ameshika karatasi aliyoandikia namba kutoka kwenye chombo.

"Sitini," alisema. "Ninyi mlikuwa mnanipa sitini na sita. Nieleze."

Nikamweleza yote. Nyayo, ganzi, binti, futi, mazoezi yangu ya pembeni. Alisikiliza akiwa amevua miwani. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia.

"Ungemwondoa, Kapteni."

"Ningemwondoa kwenye dawa, Anaeli."

Sijawahi kupigwa, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Naye akakaa, na kilemba chake, na suruali yake safi. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba yeye alikuwa na sanduku stoo misimu sita, na kwamba mimi nilificha hatua mbili lakini yeye alificha sanduku zima. Tulikaa hivyo mpaka Mzee Lemburis akatuita, akisema maziwa yanaganda.

Alipewa kazi ya kuangalia upepo na geti la banda. Kapteni aliendelea kumlipa kama zamani na alilipa pia ada ya binti, ambaye leo ni nesi. Baada ya miaka miwili Mzee alirudi Olasiti moja kwa moja. Hospitali walimuuliza amefanya kazi na dawa gani, majina yake. Hakuna aliyeyaandika. Daktari akasema huenda ni dawa, huenda ni umri, huenda ni vyote, na bila majina hawezi kusema zaidi. Hapo ndipo lilipoanzia lile daftari langu la kazini mnalonilalamikia, kila siku jina la dawa na majina ya waliokuwepo shambani, hata aliyeleta chapati. Mtaendelea kuliandika. Na maziwa wekeni kwenye chai.

Nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya ibada. Tulitoka getini kwake mpaka kwenye zizi, yeye na fimbo, mimi kando yake. Ilinichukua muda mrefu kumwambia kwamba nilifupisha hatua zangu kwa makusudi, na kwamba nilimwacha kwenye dawa misimu miwili kwa sababu ya kumpenda vibaya. Nilipomwambia nililia, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Alingoja nimalize.

"Nilikuona," alisema. "Una miguu yenye nguvu na unatembea kama mzee. Nikasema, huyu ananisindikiza. Ero, ni mimi niliyekuomba. Usichukue yote peke yako, niachie na mimi kidogo."

Alifariki mwaka uliofuata, kipindi cha baridi. Bendera yake ninayo mimi, familia walinipa.

Miaka mingi iliyofuata nilikuwa mchanganyaji wa dawa na mkuu wa kikosi cha chini, na sina la kuwasimulia humo ila kwamba mvae glavu. Kisha ndege nayo ikazeeka. Petroli yake ikawa adimu, inaletwa kwa mapipa kutoka mbali, na yale mashamba makubwa yakakatwa vipande ambavyo ndege haiwezi hata kugeukia. Kapteni akaiuza ile ya manjano, akanunua droni mbili za kunyunyizia. Ndipo Neema alipokuja kutoka chuoni, mrefu kama mwanzi, mkazi wa Lemara, mwenye cheti cha kurusha droni na haraka ya ajabu. Asubuhi moja niliingia stoo kutafuta grisi. Masanduku ya droni yalikuwa kwenye rafu ile ile, na yalishakuwa na vumbi.

Niliuliza. Neema akaniambia kwa hasira kibali kinapita milango mitatu, na kwenye mlango wa mwisho karatasi za dawa zinasema inyunyiziwe kwa ndege au kwa bomba la mgongoni, hazitaji droni. Afisa hana pa kutia sahihi. Na wakati tukisubiri, watu kumi wenye mabomba mgongoni walikuwa wanafanya ile kazi kwa siku mbili, wakitembea ndani ya dawa yao wenyewe, kwa sababu ni rahisi. Hakujua kwamba neno hilo lina historia. Mimi nilijua.

Sikungoja maharage. Nilikwenda mwenyewe kwa yule afisa, mara nne. Alikuwa kijana mwenye adabu, kila mara alinipa shikamoo na kiti, na kila mara alinieleza kwamba fomu haina sehemu hiyo. Mara ya nne sikubishana. Nilimwomba tu aje shambani asubuhi moja, tutamleta na kumrudisha. Nilinunua rangi nyekundu ya keki, nikaichanganya na maji matupu, nikawavika wale watu kumi mashati meupe. Wakanyunyizia mistari miwili ya maharage. Walipotoka walikuwa wekundu kwenye miguu, kifuani, na mmoja kuzunguka mdomo, kwa sababu alifuta jasho. Neema akarusha droni yake kwenye mistari iliyofuata, akiwa amesimama mbali na shati lake jeupe. Afisa alikwenda kwa yule wa mdomo mwekundu, akamwomba ruhusa, akampiga picha.

Kibali kilitoka kabla ya msimu kwisha. Neema anasema ni ile rangi. Mimi nayajua maharage, na nilisikia kuna barua ya wanunuzi ilifika mwezi ule ule. Vyovyote iwavyo, masanduku yalishuka, na kati ya wale watu kumi, sita leo wanachanganya dawa na kubadilisha betri. Wanne hatukuwapatia kazi. Nayaandika hayo pia, msije mkafikiri hadithi hii haina wa kuumia.

Siku yangu ya mwisho kazini tulikuwa kwenye lile shamba la upande wa Monduli, lililobaki kipande. Neema alikuwa anahakiki upana wa mistari kwa futi, akanitania kwamba nimpimie kwa miguu kama enzi za mawe. Nikahesabu hatua ishirini, nikasimama. Akanyoosha futi yake, akacheka kwa upole, akasema, "Mzee, umenipunja. Karibu hatua mbili."

Niliujua ule urefu. Niliwahi kuufanyia mazoezi pembeni mwa kiwanja mpaka nikaupata, na sasa ulikuwa umekuja wenyewe.

Gari lilikuwa mbali, ng'ambo ya shamba. Tukatembea, yeye na sanduku mkononi, mimi na jagi langu la kupimia. Neema siku zote hututangulia wote, tunamkuta amewasha injini. Katikati ya shamba nilitazama chini kwenye vumbi, nikaona alama zake na zangu zinakwenda sawasawa, bega kwa bega.

"Neema," nilimwambia, "tembea mwendo wako."

"Huu ndio mwendo wangu, Mzee," alijibu, wala hakunitazama.

Nilitaka kumkatalia. Nikainua macho, kwa mazoea ya mshika bendera, kuangalia kinachokuja. Anga lilikuwa jeupe na tupu mpaka Mlima Meru. Safari hii hapakuwa na kitu chochote kinachotudondokea kutoka juu, nikamwacha anisindikize.